Nani Alichora Mikono ya Dobi

9 Februari

Kasuku mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Sisi huku wazima. Shangazi goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Juzi kamfukuza muuza maji kwa sababu alimwita bibi kizee. Mpwa wako amemaliza mafunzo ya uuguzi, ameanza kazi wodi ya watoto, na akirudi jioni anavua viatu mlangoni na kulala hapohapo kwenye kiti. Bati la jikoni tumelibadilisha. Usinicheke kwamba nakuandikia barua na simu ipo. Kwenye simu wewe unakata salamu katikati, unasema unaitwa kikaoni. Kwenye karatasi huna pa kukatia.

Mabango yanakwenda. Wiki hii nimeandika duka la vipuri, duka la dawa, na mlango wa fundi saa ambaye alitaka jina lake liwe kubwa kuliko mlango. Mwenye saluni naye alikuja, akataka nimchoree mwanamke anasukwa. Nimemwelekeza kwa mwenzangu wa mtaa wa pili. Unanijua, mimi ni herufi tu.

Sasa lililonifanya nikae chini niandike. Alhamisi nilikwenda zahanati kupima macho. Ukutani wameweka runinga, sauti wameizima ili majina ya wagonjwa yasikike. Kilikuwa kipindi cha video za nyimbo za zamani na katuni za zamani, zile zilizopita bila watu kuzijali, zimepangwa kwa namba. Namba saba ilikuwa katuni ya konokono mpeleka barua. Mchoraji wake ni mtu haswa: konokono anapofika mlangoni, anasita kidogo tu kabla ya kugonga, na katika kule kusita unajua barua ni ya msiba. Namba tano ni walinzi watatu wanaimba ndani ya lifti, inapanda na kushuka, kamera haijakatwa hata mara moja. Nikasema moyoni, aliyevichagua hivi ana jicho.

Namba nne, Kasuku, ilikuwa yetu.

Dobi akiwa ameinama kwenye karai. Shuka linakamuliwa, maji yanasimama kidogo hewani kabla hayajaanguka, halafu shuka linamponyoka na kuruka juu ya mabati ya mji mzima. Nilisimama katikati ya wagonjwa na kadi yangu mkononi. Mama mmoja akaniuliza kama nimeitwa. Kweli muuguzi alikuwa ananiita, na niliporudi ilikuwa namba tatu.

Labda nimefananisha. Miaka ishirini na sita si mchezo. Lakini kama ndiyo, imefikaje huko? Wewe ndiye uliyepeleka kanda kwenye kituo cha runinga, na wewe ndiye uliyeniletea barua yao ya kuikataa. Labda ilibaki kabatini, mtu akaikuta. Wewe uko jengo hilohilo, niulizie. Kama ndiyo yenyewe nitafurahi, sikufichi. Nitafurahi kama mtoto.

Ni mimi dada yako,
Wino


20 Machi

Dada yangu mpenzi, Dada Wino, nguzo ya nyumba yetu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana kama viatu vya kuazima. Huku wote hatujambo. Mkubwa wangu sasa ananipita kimo na ananiangalia kwa juu kama hakimu. Wifi yako anakusalimu sana, anasema lini utakuja utuandikie jina kwenye geti, maana fundi wa huku ametukosea herufi mbili na kadai ni mtindo. Mpe hongera mpwa wangu, mwambie mjomba anajivunia. Shangazi mwambie hakuzeeka, waliozeeka ni wanaomtazama.

Kuhusu hiyo video, dada, nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Zamani zile katuni za madobi zilikuwa nyingi mno! Kila mchoraji alichora karai, kila mwanamuziki aliimba habari za kufua. Na wewe fikiria: runinga ya zahanati, sauti imezimwa, macho yana ukungu, roho imejaa kumbukumbu. Hata mimi hapo ningejiona malaika. Ile yetu ilikataliwa, tukalia, tukanyamaza, ikaisha. Usijitoneshe kidonda, dada yangu.

Kazi ya kuchagua hivi vito vilivyosahaulika inaendelea, kila Alhamisi. Inachosha lakini inalipa nauli.

Nimeweka kifurushi kwa dereva wa lori la saruji unayemfahamu. Mna kitenge kwaajili ya Shangazi, daftari kwaajili ya mpwa wangu, na dawa ya matone kwaajili ya macho yako. Weka matone mawili asubuhi na mawili jioni.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku


2 Aprili

Kasuku,

Mzigo umefika. Shangazi amejifunga kitenge tangu Jumapili na anapita mbele ya nyumba za watu ambao hana shida nao. Daftari limepokelewa. Dawa ya matone nimempa jirani. Daktari aliniambia macho yangu ni ya msichana. Nilikwenda kupima kwa sababu ya kazi, si kwa sababu sioni.

Mpwa wako alikitafuta kipindi kwenye simu yake. Tulikaa wawili kitandani. Safari hii sauti ilikuwepo, na sauti yenyewe ilikuwa yako. Hukuwahi kuniambia kwamba ndiwe unayesimulia. Nilijua unahariri.

Ulieleza vizuri, siwezi kukunyima hilo. Ulisema siri ya video hii iko kwenye michoro miwili ambayo ndani yake hakuna kinachosogea, pale maji yanaposimama kabla ya kuanguka, na kwamba wachoraji wengi wangeogopa kusimama hapo. Maneno hayo niliyasema mimi, nimeinama kwenye ile meza ya kioo yenye taa chini, tumbo la mimba halipiti, na wewe unanipanguzia karatasi. Ulikuwa unaniuliza kwa nini tusiruke mbele, na mimi nikakueleza.

Halafu ukasema: "Hii niliichora mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye chumba kimoja, kwa mikono hii." Mwenzako akakuuliza yule dobi ni nani. Ukasema, "Ni mama yeyote."

Mpwa wako akaizima simu. Nikamwambia aiwashe, nimalize.

Kisha nikafungua sanduku. Ile barua ya kukataliwa ninayo. Huenda ulidhani nimeichoma pamoja na michoro. Michoro niliichoma, yote elfu moja mia saba na sitini, nikachemshia maji ya kumwogesha mtoto. Barua niliiweka, kwa sababu nilitaka nikisahau nafasi yangu duniani, initwange tena. Inasema hivi: "Juhudi inaonekana, lakini mikono ya mhusika haina uhai. Hatumshauri mchoraji aendelee na kazi hii." Imepigwa chapa, karatasi ina nembo, chini kuna sahihi isiyosomeka. Na neno "kwaajili" limeandikwa mara tatu, limeunganishwa. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa akikuzungushia neno hilo kwa kalamu nyekundu kila wiki, nawe kila wiki unalirudia. Kwenye barua yako ya Machi umeliandika mara tatu.

Sina maswali mengi. Ninalo moja. Nani aliandika barua ile?

Wino


11 Juni

Kasuku,

Hatujambo. Shangazi anauliza mbona huandiki, nimemwambia posta ina matatizo. Nimeisingizia posta mara tatu sasa, naona aibu mbele ya mtu wa posta.

Swali langu liko palepale.

W.


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima. Wifi yako hajui kwamba nakuandikia. Niko stoo ya kanda, nimekaa juu ya boksi, mlango nimeufunga.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Kila mara nilianza na maelezo, na maelezo yakawa mazuri mno, nikayachana.

Ni mimi niliyeandika.

Nilipeleka kanda yetu Jumatatu. Wakati ule nilikuwa tarishi tu pale, nabeba bahasha kutoka ghorofa hii kwenda ile. Niliiacha mezani kwa mkuu wa vipindi, nikijua hataigusa. Jumatano akaniita. Walikuwa wanne chumbani, wameiangalia mara mbili, mmoja wao machozi yanamlenga. Mkuu akaniuliza, "Nani kachora?" Dada, swali lenyewe lilikuwa fupi mno. Kama lingekuwa refu ningepata muda wa kuwa mtu mwema. Akasema wana nafasi moja ya mchoraji, inaanza mwezi ujao. Nafasi moja. Nikasema, "Mimi."

Nikajua kwamba ukisikia imekubaliwa utapanda gari hata ukiwa na tumbo la miezi minane. Ndiyo maana nikaandika barua. Mashine ya chapa ilikuwa ya katibu, karatasi nilichukua kwenye bahasha nilizobeba. Niliandika "imekataliwa" nikaona haitoshi. Wewe ungechora nyingine, ungeleta nyingine. Ilibidi niseme jambo la kukusimamisha. Nilikaa nikatafuta kitu gani ndani ya kazi yako kikivunjwa hutanyanyuka. Nilichagua mikono kwa sababu ndiyo iliyokuwa bora kuliko vyote.

Sikudumu kwenye ile nafasi. Miezi minne wakagundua sijui kuchora, wakanihamishia kuhariri, nimebaki huko. Sikupata hata nilichokuibia. Video ilionyeshwa msimu mmoja, kabla ya habari ya jioni, na kwa kuwa mitambo haikurusha picha mpaka huko kwetu, nilijua huwezi kuiona. Halafu ikasahaulika, nami nikapumua. Mwaka huu mtafiti wetu kijana akaikuta kwenye rafu, akaniletea, anacheka kwa furaha: "Mzee, kumbe una kito umekificha!" Jina langu lilikuwa kwenye boksi. Ningesemaje?

[Hapa mstari mmoja umekatwakatwa kwa wino mzito.]

Nitarekebisha. Kwenye msimu mpya nitakutaja. Nakuahidi mbele ya kaburi la Baba.

Nisamehe kwa ajili ya damu yetu moja.

Kasuku


22 Agosti

Kasuku,

Tuko salama. Paka wa Shangazi amezaa ndani ya kabati la rangi zangu, watoto wawili wana madoa ya kijani.

Uliniambia kipindi ni kila Alhamisi, na msimu mpya ukatangazwa. Nikamwambia Shangazi, naye akauambia mtaa. Tulikuwa watu kumi na wawili sebuleni. Fundi saa alikuja na kiti chake. Mwenye saluni alifunga mapema. Mpwa wako aliomba ruhusa kazini na kuazima runinga kubwa kwa mwenye nyumba. Nilivaa gauni nililoshonea harusi ya mtoto wa jirani, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nilijipaka poda, mwanamke wa miaka hamsini na tatu.

Ukatokea. Umenenepa. Ukaiweka namba moja, ukanivisha kilemba cha ukoka: "Kazi hii nisingeimaliza bila dada yangu mkubwa, ambaye alinisaidia kupaka rangi."

Kasuku, video ile haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe mwanzo mpaka mwisho.

Watu walipiga makofi. Fundi saa akanipa mkono: hongera kwa kupaka rangi. Shangazi hakupiga makofi. Shangazi alikuwa anatuletea uji kwenye kile chumba, alinikuta nimelala uso juu ya kioo, joto la taa limenichora mstari shavuni. Watu walipoondoka akasema, "Huyu mtoto tulimlea wapi?" Nikakusanya vikombe.

Nilipokuandikia Juni nilikuwa na hasira. Uliponijibu nililia, lakini nilikuwa nalia na mdogo wangu, maana nilidhani hatimaye amesema kweli. Sasa sina hata hilo. Ulikuwa na miaka ishirini na sita ya kutafuta maneno, na uliyoyapata ni ya kuniibia mara ya pili mbele ya majirani zangu.

Liko jambo jingine. Mstari ulioukata nimeubandika dirishani, jua likapita nyuma yake. Wino wako ni mweusi lakini kalamu ilikandamiza. Chini yake inasomeka: "hata Mama alipoiona".

Mama alikufa akijua tumekataliwa. Alinishika kichwa siku barua ilipofika, akaniambia hao wa mjini hawajui mikono ni nini. Wiki tatu baada ya mimi kujifungua ulimchukua kwenda hospitali kubwa, ukawa unamtazama wewe, na mimi sikuweza kusafiri na kitoto kichanga. Hakurudi.

Aliiona wapi? Lini? Alisema nini? Sitaki jina langu kwenye kipindi chako. Baki nalo. Nataka uniandikie kila neno alilosema Mama, na usipambe.

Wino


10 Oktoba

Dada,

Sina salamu za kutosha, nisamehe.

Nitaandika ilivyokuwa.

Mama alikuwa wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Kwenye kona kulikuwa na runinga juu ya kabati. Video ilikuwa inarushwa saa kumi na mbili na robo jioni. Mimi nilikuwa nachelewa kutoka kazini kwa makusudi, nafika saa moja, ili nisiwemo. Sikufikiria kwamba yeye atakuwemo.

Siku ya nne nilimkuta ameketi. Wiki nzima alikuwa hawezi kuketi. Akaniambia, "Nimejiona." Nikamwuliza amejiona wapi. Akasema, "Kule juu. Mikono yangu. Huyu aliyeichora alinikamulisha shuka moja mara arobaini mpaka maji yakaisha pipani." Alikuwa anacheka. Akasema, "Kumbe wamekubali! Dada yako anajua?" Nikamwambia bado, wamekubali juzi tu, nitamwandikia. Akasema, "Mwandikie leo. Mwambie nimeiona. Mwambie vidole vimekaa sawasawa." Nikasema ndiyo Mama.

Tangu hapo kila jioni alikuwa anaomba ageuzwe upande wa runinga. Akawaambia wagonjwa wote, akawaambia wauguzi: hiyo ni kazi ya binti yangu. Baadhi yao walianza kuingoja.

Siku moja nilikuja mapema, kulikuwa na mvua, kazini wametuachia. Video ikapita, na mwisho jina langu likaandikwa. Muuguzi akalisoma kwa sauti, akaniangalia, akasema, "Mama, si binti. Ni huyu mwanao." Mama akasema, "Hapana. Ni binti yangu. Mwambie." Alikuwa ananiambia mimi. Wote walikuwa wananitazama, dada. Mwenzangu wa kazini nilikuwa nimekuja naye, alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli.

Nikamwambia muuguzi, "Dawa zinamchanganya. Siku hizi anasahau."

Muuguzi akamshika Mama bega, akamwambia, "Haya mama, lala." Mama akanitazama kwa muda. Hakunitukana. Akageukia ukutani. Siku zilizofuata muuguzi alimwuliza kama amgeuze upande wa runinga, akasema hapana. Hakuitazama tena. Alikaa siku kumi na moja, kisha akafariki.

Hayo ndiyo maneno yake yote. Sijapamba. Sijawahi kumwambia mtu, hata wifi yako.



Kasuku


4 Desemba

Kasuku,

Tuko hai. Goti la Shangazi limetulia kwa joto hili. Paka tumegawa, mmoja wa kijani tumebaki naye.

Barua yako niliisoma dukani, nimesimama juu ya ngazi, nimeandika nusu ya jina la mtu. Nilishuka nikakaa chini. Mwenye duka akaniletea maji. Siku mbili sikula. Siku ya tatu nikamwambia mpwa wako aombe likizo.

Tulikuja mjini kwenu. Tulikaa siku tatu, tukalala kwa rafiki yake wa chuo. Siku ya kwanza tulikwenda ile hospitali. Wodi imepakwa rangi upya, vitanda ni vingine, runinga haipo. Waliokuwepo wakati ule wamestaafu wote isipokuwa mmoja, ambaye sasa anatunza stoo ya mashuka. Nilimkuta anahesabu foronya. Nilimwambia namtafuta mtu anayemkumbuka mama mmoja wa zamani, aliyekuwa akisema mikono yake iko kwenye runinga.

Akaweka foronya chini. "Yule mama wa shuka," akasema. "Tulikuwa tunamgeuza kila jioni. Halafu akakataa." Akanitazama vidoleni, nina rangi ambayo haitoki. Akaniuliza, "Wewe ndiye binti?"

Nikasema mimi.

Akasema, "Ni mimi niliyemwambia alale. Nilimwambia hivyo kwa sababu ya mwanawe." Akaketi juu ya magunia ya mashuka na akalia, mtu mzima, na mpwa wako akamshika mkono kama anavyowashika watoto wake wa wodini. Yeye aliniomba radhi mara moja, kwa neno moja. Kisha akanionyesha kitanda kilipokuwa, na ukuta. Ni ukuta wa kawaida, una ufa mdogo. Nilikaa nao kidogo.

Siku ya pili nililala tu.

Siku ya tatu nilikwenda kazini kwenu, kwa mkuu wako. Yule mama ni mtu wa kusikiliza, hakutazama saa. Nilimpa barua ya kukataliwa na barua zako zote. Alizisoma polepole. Akaniuliza, kwa adabu, kama nina ushahidi mwingine zaidi ya maandishi. Nikaomba karatasi na penseli. Tangu uliponiandikia kwamba mikono haina uhai sijachora hata kidole, Kasuku. Nilichora mikono ya Mama ikikamua shuka, karatasi nane, sekunde moja. Ya tatu ilipinda, nikataka kuirudia, akanizuia. Akazipanga, akazipitisha haraka chini ya dole gumba. Akazipitisha tena. Akaita watu wawili waliokuwa nje.

Aliniuliza nataka ufanywe nini. Nikamwambia sitaki ufukuzwe, una watoto. Wakuache ufanye kazi, ila usisimulie.

Alhamisi iliyopita sauti nyingine ilisoma jina langu lote, jina nililopewa na Baba, na jina la Mama kama ndiye dobi. Safari hii sikualika mtu. Tulikuwa watatu. Shangazi aliniomba irudiwe, ikarudiwa. Nilitegemea nitasikia raha zaidi ya ile niliyoisikia. Nilisikia kama mtu aliyeteremsha mzigo na bega bado linauma. Nimeambiwa umehamishiwa stoo ya kanda.

Shangazi anajua yote, nimemsomea mwenyewe. Usije mwisho wa mwaka. Watoto waje, na wifi, watapokelewa vizuri, hawana kosa. Wewe subiri nikuandikie. Sijui itakuwa mwaka gani, na usimtume mtu aje kuniuliza.

Kuna jambo dogo ambalo mkuu wako halijui. Siku ile ya tatu nilipofika kwenye jengo lenu nilisimama kwenye ngazi, nikataka kugeuza. Nilijiambia ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, nimwache. Mlango wa kioo ukafunguka, ukatoka wewe, simu iko sikioni, unacheka na mtu. Ukaona kuna mama amesimama na mkoba, ukanishikia mlango.

"Pita, mama," ukasema, na macho yako yalikuwa barabarani.

Nikakutazama mpaka ukamaliza kucheka. Hukugeuka.

Nikapita.

Wino